Shingo inakaza, vidole vinakufa ganzi: naomba ushauri wa meza na kiti cha kazi za kompyuta

MtunzaHesabu (Tabata, Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Natunza hesabu za maduka, na tangu mwaka jana kazi zote nafanyia nyumbani. Ofisi yangu ni meza ya kulia chakula na kiti cha plastiki; laptopu inakaa juu ya meza hivyo hivyo. Asubuhi niko salama. Ikifika saa nane mchana shingo imekaza, mtoto akiniita inabidi nigeuke na kiwiliwili chote. Bega la kulia linauma kuliko la kushoto. Kilichonitia hofu wiki hii ni ganzi: kidole kidogo na cha pete, mkono wa kulia, vinakufa katikati ya kuingiza risiti.

Nimepima kwa futi ya cherehani. Meza ina sentimita 76 kutoka sakafuni, kiti 43 pale pa kukalia. Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 1. Ndugu wananiambia nunua kiti cha ofisi cha kuzunguka, yataisha. Kabla sijatoa hela nataka kujua kama kweli kiti ndicho tatizo. Meza ni ya familia, siwezi kuikata miguu.

Juma_Mtandao

Chukua kiti cha mtumba cha ofisi, vinauzwa vingi. Ila kabla ya kulipa kipandishe hadi juu kisha ukikalie kwa muda. Kikianza kushuka chenyewe, gesi inayokiinua imechoka, achana nacho.

Fundi Mbao (Keko)

Dada, vipimo vyako vimenieleza kila kitu kabla sijamaliza kusoma. Sentimita 76 ni meza ya kula. Mtu akila anainua mkono, anaushusha, anaongea, anapumzika. Hakuna anayekaa mchana kutwa mikono ikielea juu ya sahani. Kuandika kunataka kiwiko kikae ubavuni, kikunjike, na kiganja kiende mbele bila kupanda.

Jipime hivi. Kaa kitini, achia mabega yashuke yenyewe, kunja kiwiko, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Kwa urefu wako nakisia atapata 64 au 65. Hapo meza imekuzidi zaidi ya sentimita 10, na hizo sentimita unazibeba kwa mabega siku nzima. Ndiyo maana kiti peke yake hakitoshi: kitakupandisha, sawa, lakini miguu itabaki inaning'inia na ukingo wa kiti utabana mapaja kwa chini.

Kama meza haikatwi, panda wewe. Tafuta sponji ngumu, si ile laini ya makochi ambayo ukiikalia inaisha yote. Endelea kuongeza hadi kiwiko kifike usawa wa kibodi. Kisha miguuni weka kibao, nyayo zikanyage zote, magoti yalingane na nyonga. Kibao hicho watu hukidharau, na mimi nakiona ni nusu ya kazi. Mgongoni kunja khanga au taulo, liweke pale kiunoni panapoingia ndani.

Wateja wengi huniomba niwafungie kibao cha kuvuta cha kibodi chini ya meza ya kulia. Huwa nawakatalia. Meza hizi zina mbao za ubavu zinazoshika miguu, kina chake sentimita 8 hadi 10. Ukishusha reli na kibao chini ya hapo, mapaja hayana pa kupita. Siku ukipata nafasi ya meza yako mwenyewe, fundi yeyote akutengenezee kwa kipimo cha kiwiko chako, si cha dukani.

Laptopu nayo haina suluhisho la mbao. Kioo na kibodi vimeshikana: mikono ikikaa vizuri, shingo inainama, ukiinua kioo, mikono inapanda. Nunua kibodi ya pembeni na kipanya, hata vya waya, halafu inua laptopu kwa rimu za karatasi. Rimu moja ya A4 ina unene wa kama sentimita 5, kwa hiyo unaongeza kidogo kidogo hadi ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho. Kioo kiwe mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi

Fundi amemaliza upande wa meza. Niseme kuhusu ganzi, maana vidole ulivyovitaja vina maana. Kidole kidogo na cha pete vinahudumiwa na mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko kwa upande wa ndani, pale ukijigonga unasikia shoti. Meza ikiwa juu, mtu huegemeza kiwiko kwenye ukingo ili bega lipumzike, na ukingo unakandamiza mshipa. Angalia kama ndivyo unavyofanya. Ganzi ingekuwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ya kukuamsha usiku, ningeangalia kifundo cha mkono.

Bega la kulia nahisi ni kipanya. Kibodi yenye tarakimu pembeni hukisukuma mbali, na wewe tarakimu unazihitaji. Jaribu kukihamishia kushoto. Ganzi isipopungua baada ya wiki chache, au ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali upimwe, usisubiri.

MtunzaHesabu

Asanteni sana. Kiwiko kimesoma 65. Na kweli naegemea ukingo, alama nyekundu ipo hadi sasa. Swali moja: navaa miwani ya vioo viwili, ya mbali juu na ya kusomea chini. Nimeinua laptopu kwa rimu tatu, najikuta nainua kidevu ili nisome.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Moshi

Basi usawa wa macho haukufai. Toa rimu moja, ikibidi mbili, laza kioo kidogo kwa nyuma, hadi usome kidevu kikiwa kimetulia. Ukienda kupima macho tena, mwambie mpimaji kioo chako kiko umbali gani. Anaweza kukupa miwani ya kazi hiyo tu.