Death Magnetic: spika zangu ni nzima, albamu ndiyo iliyopasuka

Wazee wa rock wa Pwani, nimenyamaza siku nyingi lakini hili la jana limenifika shingoni. Ikitajwa tu Death Magnetic, albamu ya 2008 ya Metallica, bendi ya rock nzito ya Marekani, ole wake atakayesema sauti yake imeharibiwa. Ataambiwa akanunue spika. Ataambiwa ameshusha MP3 ya bure kwa bando la mkopo. Ataambiwa yeye si shabiki, arudi kwenye bongo fleva yake. Jana nimeambiwa yote hayo na watu wa Malindi hapahapa, watu tunaojuana kwa sura, wengine nimewapigia muziki kwenye harusi za dada zao.

Sasa nisikilizeni.

Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya muziki. Spika, amplifaya, miksa, maiki, nyaya. Ukiniambia mbele ya watu kwamba spika zangu ni mbovu unanitilia mchanga kwenye unga, maana mteja akishalisikia neno hilo hakupigii simu tena. Na limeshanigharimu. Kuna mteja alinichukua kwa sherehe kule Casuarina, akataka rock tupu, akaitaja Death Magnetic kwa jina. Nikaweka CD halisi, niliyopewa na mgeni wa Kiitaliano miaka hiyo ikiwa bado na karatasi zake za ndani. Wimbo wa tatu haujafika katikati, jamaa ananijia kakunja uso: "Mbona spika zinakwaruza?" Nikamweleza, hakusikia. Nikatoa ile CD nikaweka Master of Puppets ya 1986, spika zilezile, nyaya zilezile, kitufe cha sauti sikukigusa. Safi kabisa, ila imeshuka kidogo. Nikaipandisha, na dramu ikaanza kugonga kifuani inavyotakiwa. Lakini alikuwa ameshaamua, mwisho wa shughuli akanikata pesa.

Kwa hiyo anayeniambia suala hili ni la "watu wa kuchambua kupita kiasi", hanijui.

Niliporudi nyumbani niliiingiza ile CD kwenye laptopu na kuifungua kwa Audacity, programu ya bure ambayo yeyote kati yenu anaweza kuishusha usiku huu. Nyimbo za 1986 zina vilele na mabonde. Snea, ile dramu ndogo ya mlio mkali, ikigongwa, kilele chembamba kinachomoza, kisha mawimbi yanashuka na gitaa linapata pa kupumua. Nikafungua ule wimbo wa tatu, "Broken, Beat & Scarred". Vilele hamna. Ni mkanda mmoja mnene, umejaa juu hadi chini toka mwanzo hadi mwisho. Nikawasha ile alama inayoonyesha mahali sauti imegonga dari, skrini ikajaa mistari myekundu. Nikavuta karibu, nikavuta tena, mpaka wimbi mojamoja likaonekana: mahali lilipopaswa kuviringa juu na kurudi, limekatwa kichwa, limebaki bapa. Hiyo bapa ndiyo inayokwaruza. Imo ndani ya CD. Ukiicheza kwa simu ya kabambe ipo, ukiicheza kwa mtambo wa milioni mbili ipo, na kwenye mtambo mzuri utaisikia vizuri zaidi.

Kwa nini mtu aharibu kazi yake hivyo? Kwa sababu ya mashindano ya kelele. CD ina dari. Ina nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 hivi kati ya ukimya na sauti ya juu kabisa, na dari hiyo huwezi kuipasua. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni za muziki zikataka kila CD isikike kubwa kuliko iliyotangulia redioni, na kwa kuwa dari haipandi, wakapandisha sakafu. Sehemu za chini zinasukumwa juu, za juu zinabanwa, zikizidi zinakatwa. Anayejua chakacha anajua ngoma inavyoshuka hadi ikabaki mikono na pumzi, ndipo ikapanda na ukumbi mzima ukasimama. Muziki mzito unaishi kwa kupanda na kushuka kulekule. Albamu hii imenyang'anywa kushuka, na hata kupanda kwake hakuna maana tena.

Nendeni kwenye "The Day That Never Comes". Inaanza na gitaa tulivu, polepole, Hetfield, mwimbaji wao, anaimba kwa sauti ya chini. Wimbo unajengwa dakika baada ya dakika ili mwishoni magitaa yaachiwe yakimbie. Nayo yanakimbia kweli, upigaji ule ni wa viwango, sibishi. Lakini mlipuko wenyewe unapofika, hakuna nafasi iliyobaki ya kulipukia. Kila kitu kinabanana hapohapo, na dramu ya Lars inageuka mchakacho wa changarawe. Wimbo mzuri kiasi hicho! Hiki ndicho kinachoniuma, na ndicho mnachokataa kukisikia. Sijasema nyimbo ni mbaya. Baada ya St. Anger ya 2003, ambayo haikuwa na solo ya gitaa hata moja na ile snea iliyolegezwa nyaya inalia bati mwanzo mwisho, tulisubiri miaka mitano. Wakaachana na prodyuza Bob Rock, wakamchukua Rick Rubin, na 12 Septemba 2008 tukapata nyimbo 10 zenye solo, zenye mbio, Trujillo yumo kwenye besi. Riff, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, za "All Nightmare Long" zingekaa bila aibu kwenye albamu za ujana wao. Halafu mtu akaja akaziminya.

Na msiniambie haikuwezekana vingine. Siku ileile albamu ilipotoka, nyimbo hizohizo zilitolewa kwa ajili ya mchezo wa video wa Guitar Hero III. Mashabiki wakazinasa, wakazilinganisha na CD, wakakuta za mchezo zina pumzi, dramu inagonga, hakuna mkwaruzo. Yaani kijana aliyebonyeza gitaa la plastiki sebuleni kwao alipewa sauti bora kuliko aliyelipia albamu! Maelfu ya mashabiki walitia saini ombi la kutaka ichanganywe upya. Hata Ted Jensen, fundi aliyefanya hatua ya mwisho ya sauti, alimwandikia shabiki mmoja kwamba kazi ilifika mikononi mwake ikiwa tayari imebanwa kupita kiasi, na kwamba yeye hajivunii kuhusishwa nayo. Fundi mwenyewe! Sasa wewe wa mtaa wa Ngala unayenitukana, unaijua sauti ile kuliko aliyeishika?

Lars alijibu kwamba aliisikiliza garini mwake na ikampendeza. Sawa, ni haki yake. Amekaa nyuma ya dramu na magitaa ya kelele maisha yake yote. Mimi nauliza kuhusu sisi tunaolipa.

Kuna na kundi la pili, nao siwaachi. Hawa ni wale ambao kwao Metallica ilikufa 1991 na ile albamu yao yenye jalada jeusi, au 1996 waliponyoa nywele, au 2000 walipoipeleka Napster, programu ya kugawana muziki bure mtandaoni, mahakamani. Hawakuisikiliza Death Magnetic hata mara moja, lakini nikilalamikia sauti wanarukia: "Si tulisema? Wazee wamekwisha." Msinitumie. Malalamiko yangu si kuni za moto wenu. Bendi iliyokwisha haiandiki nyimbo zile, wala haifikishi albamu ya tano mfululizo ya studio inayoanzia namba 1 Marekani. Mnachukia kwa mazoea.

Na hawa wanaonifunga mdomo kwa jina la uaminifu, hebu wakumbuke historia ya bendi wanayoitetea. Cliff Burton, mpiga besi wao, alifariki 1986 katika ajali ya basi Uswidi, akaingia Jason Newsted, na kwenye ...And Justice for All ya 1988 besi yake ikazamishwa mpaka karibu haisikiki. Mashabiki walilalamika. Leo, miaka zaidi ya 30 baadaye, mtafute mtu anayetetea ile besi! Albamu bado inapendwa, na kosa bado linaitwa kosa, na hakuna aliyefukuzwa ushabiki kwa kulitaja. Snea ya 2003 vilevile. Kwa nini hii ya 2008 iwe haramu kutajwa?

Shabiki anayesikia kasoro na kuisema ndiye anayesikiliza. Anayesema "kali sana kaka" bila kuiweka hata kwenye hedifoni anapenda fulana tu.

Na sisi wa huku tuna sababu zaidi ya kulijali hili. Rock Malindi haina redio inayoipiga, haina ukumbi, wengi wanaikuta kwa bahati, kwa mgeni, kwa binamu aliyetoka Mombasa. Nikimwekea kijana wa mtaani kwangu Barani Metallica kwa mara ya kwanza na ikaingia masikioni mwake inakwaruza, ataondoka akiamini rock ni makelele, jambo ambalo mama yake ameshamwambia. Nimeliona hilo kwa macho, kijana kakaa nyimbo mbili, kashika kichwa, kaaga. Nilipompa ya 1986 siku nyingine alikaa hadi mwisho na akaomba flashi.

Kwa hiyo anayetaka kubishana, Jumamosi baada ya alasiri nafunga vyombo uani kwangu Barani. Wanaonijua wanapajua. Alete CD yake halisi, alete na spika anazoziamini yeye, tutachomeka zake kwanza. Laptopu itakuwa mezani, Audacity imefunguliwa. Anionyeshe snea moja tu kwenye wimbo wa tatu yenye kichwa. Asiyeweza kuja aweke picha ya wimbi hapa chini, lakini habari za "nunua spika" sizijibu tena.