Mkono wa Grace kwenye picha ya mahafali

Mama Daudi: Jamani picha zimefika humu kwenye kundi la familia! Hongera Grace, hongera Mama Grace. Mungu ametenda.

Baba Mdogo Amosi: Hongera sana binti yetu. Joho limekukaa kweli.

Mjomba Elia: Hongera. Ila ile picha aliyonyanyua cheti, mkono wa kulia. Hicho ni nini?

Mama Daudi: Kipi kaka?

Mjomba Elia: Kuza picha. Chini ya kiwiko.

Daudi: Ni tatuu Mjomba. Ndege.

Mjomba Elia: Macho ninayo, Daudi. Nauliza imefikaje kwenye mkono wa mtoto wa dada yangu. Tumesomesha mhasibu au tumesomesha mhuni? Jumatatu ana usaili. Nani atamkabidhi hesabu zake mtu aliyejichora kama mfungwa?

Baba Mdogo Amosi: Taratibu shemeji, binti mwenyewe yumo humu.

Mjomba Elia: Ndiyo maana nasema humu humu, sitaki kumsengenya. Na Maandiko yako wazi, Mambo ya Walawi 19:28, tusiandike alama miilini mwetu.

Grace: Shikamoo Mjomba. Shikamooni wote. Ni mbayuwayu. Nilimchora mwaka jana kwa hela yangu. Sikuwa nimelewa na sikufuata mkumbo. Mama anajua.

Mama Grace: Najua. Siku ya kwanza nililia, sitaficha. Baadaye nikaona mtoto ni yuleyule, anaamka saa ileile, anaheshimu watu vilevile.

Mjomba Elia: Na mimi hukuniambia.

Mama Grace: Nilijua utasema haya unayoyasema.

Daudi: Mjomba, naomba niseme kidogo kuhusu hilo la mfungwa, maana lina chanzo chake. Japani ya zamani wahalifu walichorwa alama mkononi au usoni kama adhabu, ili popote waendapo watambulike. Mwaka 1872 serikali ikapiga marufuku tatuu zote, na marufuku hiyo ikaja kuondolewa mwaka 1948. Hadi leo kuna mabafu ya umma huko ambayo mtu mwenye tatuu haruhusiwi kuingia, hata akiwa mama mtu mzima asiyejua jela inafananaje. Wagiriki na Warumi nao waliwachora watumwa na mateka. Wanazi wa Ujerumani wakawachora namba wafungwa wa kambi ya Auschwitz. Kwa hiyo mara nyingi wenye nguvu ndio waliowatia watu alama kwanza, halafu dunia ikaja kuwacheka kwa alama hizo.

Daudi: Lakini wakati huohuo kuna Wakristo wa Koptiki kule Misri, wanachorwa msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, wengine tangu utotoni. Na mwaka 1862 mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alichorwa msalaba mkononi akiwa ziarani Yerusalemu. Hakuna aliyemwita mhuni.

Mjomba Elia: Mwana wa mfalme hatafuti kazi, Daudi.

Baba Mdogo Amosi: Kuhusu Walawi, mimi kama mzee wa kanisa nasema hivi: aya hiyo inaanza na kuchanja chale kwa ajili ya wafu. Wapo watumishi wanaosema katazo lilihusu ibada za mataifa ya jirani, na wapo wanaosema ni kwa wote hadi leo. Nimewasikia wote wawili wakihubiri kwa machozi. Mimi mwenyewe nisingechora. Lakini kumwita mtoto mhuni, hiyo aya haisemi.

Dada Joyce: Nimetoka kikaoni ndiyo nasoma. Kazi yangu ni kuajiri watu, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Mambo yamebadilika kweli. Shirika la ndege la Air New Zealand waliruhusu wafanyakazi wao kuonyesha tatuu mwaka 2019. Jeshi la Marekani lililegeza masharti mwaka 2022, likaruhusu hata tatuu ndogo kwenye kiganja na nyuma ya shingo. Marekani hiyohiyo, utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2023 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya watatu ana tatuu, na wanawake wanazidi wanaume.

Dada Joyce: Ila Mjomba naye hana hofu ya bure. Nimekaa kwenye meza za usaili nikaona mtu ana majibu mazuri, halafu mwenzangu anaangalia shingo yake tu hadi mwisho. Na huyo mwenzangu kwenye ripoti hakuandika "tatuu". Aliandika "hajiamini". Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu aliyenyimwa kazi hawezi hata kukata rufaa, hajui kilichomponza.

Mjomba Elia: Ndicho ninachokisema mimi! Simchukii mtoto. Naogopa watakavyomtazama.

Grace: Mjomba, wa kwanza kunitazama hivyo leo ni wewe.

Mama Daudi: Grace mwanangu, pole pole.

Grace: Samahani Mama Mkubwa. Ila inauma.

Shangazi Ruthi: Nimesoma yote tangu asubuhi. Mimi si mwongeaji humu, mnanijua.

Shangazi Ruthi: Mimi nina tatuu tatu.

Mama Daudi: Wifi??

Shangazi Ruthi: Nilipotibiwa saratani ya titi, kabla ya kuanza mionzi walinilaza kwenye mashine wakapima, kisha mtaalamu akanidondoshea wino na kunidunga sindano: moja katikati ya kifua, na moja kila ubavu. Ni nukta tu, ukubwa wa kichwa cha pini, rangi kama bluu iliyokolea. Kazi yake ni kwamba kila nikirudi walinganishe mwili wangu na mashine kwa nukta zilezile, mionzi ipige palepale isije ikaharibu pengine. Hazitoki kwa kuoga. Ninazo hadi leo.

Shangazi Ruthi: Tangu hapo sivai nguo ya shingo pana. Kovu haliniogopeshi, kovu watu hulionea huruma. Naogopa zile nukta. Kuna siku msibani mama mmoja aliona ile ya katikati akaniuliza kwa sauti, "Na wewe mtu mzima umeanza haya?" Nikafunga kanga nikanyamaza.

Mama Grace: Dada Ruthi. Hatukujua.

Mjomba Elia: Shemeji pole sana. Lakini yako ni ya tiba. Haifanani na ya Grace.

Shangazi Ruthi: Tofauti naijua, shemeji Elia. Grace alichagua, mimi sikuchagua. Lakini yule mama wa msibani aliijua tofauti hiyo? Aliona wino, akamaliza kesi. Leo asubuhi nimesoma "mhuni" na "mfungwa" humu, nikashika kifua changu.

Baba Mdogo Amosi: Dada 🙏🏾

Mjomba Elia: Haziwezi kufutwa?

Shangazi Ruthi: Niliambiwa zinafutika kwa leza. Nimekataa. Sindano nimechoka nazo.

Daudi: Leza huvunja wino vipande vidogo ili mwili uuondoe wenyewe, na huchukua vikao vingi. Mwili wenyewe ndio unaoushikilia. Seli za kinga zilizo ndani ya ngozi huumeza wino, zikifa nyingine zinaumeza tena. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2018.

Baraka: Kwa hiyo na mimi naweza kuchora??

Mama Daudi: Baraka!

Grace: Baraka, wewe bado. Ngoja utimize miaka 18, na ukifika hapo usiende kwa rafiki mwenye mashine chumbani. Sindano ifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti, wino umiminwe kwenye kikombe kipya, mchoraji avae glavu. Homa ya ini inaambukizwa kwa sindano chafu, na hiyo haifutiki kwa leza. Mimi niliwaza ndege huyu muda mrefu sana kabla sijaketi kwenye kile kiti.

Mjomba Elia: Grace. Jumatatu vaa mikono mirefu. Nakuomba tu, sikulazimishi.

Grace: Siku ya usaili nitavaa, Mjomba. Nikipata kazi sitavaa kila siku, joto litaniua. Wakiuliza nitawaonyesha.

Mjomba Elia: Unakwendaje?

Grace: Kwa basi.

Mjomba Elia: Hapana. Saa moja asubuhi nitakuwa getini kwenu. Na uhuni niliosema, sirudii. Huyo ndege bado simpendi.

Grace: Sawa Mjomba. Asante.

Mama Daudi: Wifi Ruthi, kesho niko kwako. Usipike, nakuja na chakula.