Feni za Vietnam na huu mkataba wa biashara wa Asia, RCEP: ushuru unashuka kweli au napigwa?

MzeeWaSwichi
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vifaa vya umeme Kariakoo, upande wa Mchikichi. Feni za mezani naagiza kwa ajenti wa Guangzhou. Mzigo wa safari hii boksi limeandikwa Vietnam, ukifungua, mota ya China. Ajenti ananiambia ndiyo mambo ya RCEP, kwamba ushuru umeshuka, niongeze oda. Umeshuka kwake au kwangu? Nawasilisha.

Kontena40
Kwake, mkuu. Wewe huambulii hata senti.

RCEP ilisainiwa Novemba 2020, ikaanza kazi Januari 2022. Wamo nchi kumi za ASEAN (umoja wa nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia), China, Japani, Korea Kusini, Australia na New Zealand. Wanapunguziana wao kwa wao. Utamu wake uko kwenye asili ya bidhaa: kwa vitu vingi inatosha 40% ya thamani itoke ndani ya hizo nchi 15, haijalishi ni ipi. Kwa hiyo kiwanda cha Vietnam kinafunga mota ya China, kinaiuza feni Japani, na ile mota inahesabika ya nyumbani.

Ikishuka bandari ya Dar, hadithi imeisha. Inakutana na ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Bidhaa iliyokamilika kwa kawaida ni 25%, itoke Hanoi au Istanbul. Mimi kazi yangu kutoa mizigo. Ajenti aliye Guangzhou hakulipii TRA.

MzeeWaSwichi
Nimekusoma. Na India mbona haimo?

BintiUpanga
Ilikuwemo kwenye mazungumzo, ikajitoa Novemba 2019. Iliogopa kufurika kwa bidhaa za China, na wafugaji wake waliogopa maziwa ya New Zealand.

Ila kinachoniuma mimi ni kingine. Jumuiya yetu ya kwanza ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala Juni 1967. ASEAN ilianzishwa Bangkok Agosti mwaka huohuo. Sisi tulikuwa na reli moja, ndege moja, posta moja, na 1977 tukavunja. Wao hawakuwa na chochote cha pamoja zaidi ya vikao! Soko huria lenyewe walikubaliana 1992. Mtu asije kuniambia Waasia wana haraka.

MzeeWaSwichi
Dada umenigusa, shangazi yangu alikuwa karani wa reli hiyohiyo. Kontena, sasa nikileta mota tupu, nikafunga feni hapa, nikauza Kigali?

Kontena40
Hapo tunaongea. Lakini kukaza skrubu tu hakukupi cheti cha asili, yaani uthibitisho kwamba feni ni ya Afrika Mashariki, na bila cheti pale mpakani Rusumo watakutoza kama mgeni. Mapanga, kava na stendi ni plastiki, vinaweza kutengenezwa hapahapa Dar. Niletee bei ya mota na bei ya kiwandani unayoitaka, tupige hesabu kabla hujaagiza.

MzeeWaSwichi
Nakuja PM.