Ukoo wa Makorora: Desemba tunaenda wapi?

JUMANNE

Mwanaidi: Asalam aleikum wana ukoo. Oktoba inaisha hii na Desemba ile pale. Nimeweka kura hapo juu, Unguja, Mikumi, Kilwa, Lushoto. Bonyeza MOJA tu jamani mwaka jana kuna mtu alibonyeza zote

Abuu: Unguja 🔥 hamna mjadala

Mamdogo Mbagala: Waaleikum salaam mwanangu. Nimebonyeza ila sijui nimebonyeza wapi miwani sina

Shemeji Moshi: Salaam wote aisee. Mimi wengi wape

Baba Tatu: Shem kila mwaka wengi wape halafu tukifika unanuna

Mjomba Mwalimu: KILWA. Nasema tena Kilwa. Ibn Battuta alifika pale 1331 akaandika ni katika miji mizuri na iliyojengwa vizuri, sisi wenye lugha na wenye pwani hatujafika hata mara moja tunakimbilia kupiga picha na nazi

Abuu: Mjomba shikamoo. Ila mjomba ni kuta zile

Mjomba Mwalimu: Marhaba. Kuta? UNESCO waliziandika 1981 kwa sababu ni kuta? Msikiti Mkuu una makuba yamesimama mpaka leo, we nyumba yenu ya Chanika ina miaka sita imeshapasuka

Baba Tatu: 😂😂😂 mjomba umemmaliza

Mamdogo Mbagala: Huko Kilwa choo kipo?

Mjomba Mwalimu: Husuni Kubwa, jumba la sultani wa Kilwa, lilikuwa na bwawa la kuogea la pembe nane karne ya 14

Mamdogo Mbagala: Nimeuliza choo mwalimu

Baba Tatu: Mi naheshimu historia ila barabara ya kusini naijua kwa gari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga mi nilikuwa na mzigo wa Lindi, nimelala kwenye kebini siku mbili nakula mihogo mibichi. Desemba ni vuli siendi na watoto huko nikiwa na kibasi cha kukodi

Mjomba Mwalimu: Ile ilikuwa masika

Baba Tatu: Tope halisomi kalenda mjomba

Bakari Mombasa: Salaam aleikum ndugu zangu. Nimengia sasa hivi nasoma. Yani mwaka wa tatu huu mwapanga safari kama kwamba sisi wa huku hatupo, mwatupa Kilwa, mwatupa Mikumi, mimi na mke wangu na watoto watatu tuteremke mpaka Dar ndo tuanze safari? Tukifika tushachoka

Mwanaidi: Waaleikum salaam kaka. Piga kura

Bakari Mombasa: Nshapiga. Sitosema wapi

JUMATANO

Abuu: [video] oneni maji ya Nungwi haya. Mwezi wa 12 bahari ndo imetulia kinoma

Mamdogo Mbagala: Nani kakwambia imetulia. Kaskazi ikianza kuvuma chombo kinacheza. Mi ule mwaka wa harusi ya Tumu nilianza kutapika hatujaipita Mbudya, kijana wa boti akanipa mfuko mmoja nikamwambia mwanangu lete wote

Abuu: Mamdogo siku hizi boti ni masaa mawili tu unafika

Mamdogo Mbagala: Masaa mawili ya kutapika ni marefu kuliko ya kwako

Mwanaidi: Halafu Abuu hizo video unazotuma nani kakulipa. Mmesahau mwaka juzi? Dalali simtaji jina lakini alitutumia picha bwawa la kuogelea limetulia bluu kama kanga mpya, tumefika bwawa la kijani, vyura wanaimba, maji ya bomba yanatoka saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili basi, na hela ashaila. Na ilikuwa Desemba hiyohiyo wageni wanakimbia baridi ya kwao vyumba vimepanda, hatukuwa na pa kuhamia

Baba Tatu: Mwanangu Tatu alimpa chura mmoja jina

Rukia Muscat: Asalam aleikum wapenzi. Mashallah kundi limechangamka. Mi likizo yangu tarehe 14 mpaka 28 na tiketi nshakata kwa hiyo chochote nje ya hapo mnisahau. Abuu mdogo wangu bahari na joto nnavyo hapa mlangoni, sitoki Muscat kuja kutafuta joto

Abuu: Dada Rukia sasa unataka nini

Rukia Muscat: Baridi. Ukungu. Matope kidogo. Unajua huku watu wanaendesha gari kilomita elfu moja kutoka Muscat mpaka Salalah, jangwa tupu njia nzima, kwenda kuona mvua? Juni mpaka Septemba wanaita khareef, milima inageuka kijani watu wanatandika mkeka kwenye manyunyu wanachoma nyama wanafurahi wanalowa. Mi nimeenda nikakaa pale nikacheka peke yangu, nikasema hii si Lushoto hii. Kwetu ipo pale tunaidharau

Mjomba Mwalimu: Na Wajerumani walijua. Lushoto waliiita Wilhelmstal, walikuwa wakizidiwa na joto la pwani wanapanda kule

Mwanaidi: Mjomba umehama Kilwa?

Mjomba Mwalimu: Sijahama. Natoa elimu

Mwanaidi: Sawa. Na Mikumi nani anaitetea, naona kura 7 halafu kimya

Abuu: Watoto. Nilishika simu nikawauliza wote wakasema tembo. Tunapanda treni ya SGR mpaka Moro elfu 13 mtu mzima kwa kiti cha kawaida, haifiki masaa mawili, tunakodi Noa mbili tunaingia hifadhini. Na ile stesheni ya Dar yenyewe umbo la tanzanite watu wanaenda kupiga picha tu

Baba Tatu: Sasa mimi ntasema ukweli mnichukie. Barabara ya Iringa inapita katikati ya Mikumi. Mimi kila wiki nawaona bure, twiga wamesimama pembeni kama wanasubiri daladala. Na ukiwa unataka kuwaona vizuri ni kiangazi kuanzia Juni mpaka Oktoba maji yamekauka wanajikusanya kwenye mabwawa. Desemba nyasi zimepanda mtoto atalipiwa kiingilio aangalie majani

Mwanaidi: Na treni inataka kitambulisho cha kila mtu mzima, nitumieni namba za NIDA

Baba Tatu: Namba ninayo. Kadi nasubiri

Shemeji Moshi: Kadi wote tunasubiri aisee

Zaina Tanga: Jamani subirini. Nimemsomea Bi Mkubwa meseji zote kuanzia jana, amesema niandike hivi hivi: "Boti sipandi. Treni napenda. Ila mimi nipo Tanga, sasa nitoke Tanga niende Dar nipande treni niende Morogoro, nirudi Dar nirudi Tanga, hiyo safari au nimehukumiwa. Goti langu la kushoto mnalijua. Nendeni mkanisalimie hao tembo."

Mamdogo Mbagala: Subhanallah. Mama hatuendi bila wewe

Abuu: Shikamoo bibi 😔

Zaina Tanga: Anasema marhaba, na anasema kwa nini hukumpigia Idi

ALHAMISI

Mwanaidi: Matokeo. Unguja 11, Mikumi 7, Lushoto 3, Kilwa 1

Abuu: Unguja imepita. Demokrasia

Mwanaidi: Subiri Abuu. Kura ni bure ndo maana mnazipiga. Jana usiku nimesema kila mtu mzima aanze na elfu hamsini ya kushika nafasi. Nimekaa na daftari hapa nakunywa chai. Unguja watu 11, waliotuma hela 2. Mikumi 7, katuma mmoja naye katuma elfu ishirini na maandishi "nyingine mwisho wa mwezi". Kilwa 1, hajatuma

Mjomba Mwalimu: Mshahara haujaingia

Mwanaidi: Lushoto watu 3, wametuma WOTE na wametuma kamili. Rukia, Bakari na huyu wa tatu alikuwa anasema wengi wape

Baba Tatu: SHEMEJI???

Mamdogo Mbagala: Heee!

Shemeji Moshi: Aisee mnisikilize. Mombo ni njia ya Moshi. Mimi na dada yenu tunalala na nyie Lushoto siku tatu tunashuka na watoto mpaka Mombo tunadaka basi la Moshi, tarehe 23 nipo nyumbani. Mkienda Unguja mimi nirudi Dar nianze kutafuta tiketi ya Moshi wiki ya Krismasi? Ile wiki hata kwenye buti hakuna nafasi

Baba Tatu: Kumbe wengi wape ilikuwa mbege inakuita

Shemeji Moshi: 😂 na mama yangu mzazi pia

Bakari Mombasa: Na mimi niseme basi. Natoka na gari yangu Mombasa, Lungalunga, Horohoro, mchana niko Tanga kwa bibi nakula samaki. Kesho yake twampakia Bi Mkubwa kiti cha mbele pole pole twapandisha. Mwaka wa pili huu wanangu hawajamuona nyanya yao, nanyi mwalilia Nungwi

Mamdogo Mbagala: Mi sikujua Bakari. Mwanaidi hamisha kura yangu

Mwanaidi: Kura yako ulibonyeza Kilwa mamdogo

Mjomba Mwalimu: KUMBE ILE KURA MOJA SI YANGU? Mimi nilibonyeza mapema kabisa

Mwanaidi: Wewe mjomba yako imeangukia Unguja

Baba Tatu: Nimeshuka kwenye gari nicheke vizuri

Abuu: Sasa sisi vijana tunaenda Lushoto kufanya nini, kuangalia kabichi

Rukia Muscat: Abuu panda Irente pale ukingoni jioni, mlima unakatika unaona tambarare yote chini na barabara kama uzi. Utapiga picha mpaka simu iishe chaji. Soni kuna maporomoko pembeni kabisa mwa barabara. Msitu wa Magamba kuna kutembea na kuna mbega. Na plamsi zitakuwa zimeiva

Abuu: Mbega weusi wenye manyoya meupe?

Rukia Muscat: Hao hao

Abuu: Ok naomba namba ya kutuma hela

Mamdogo Mbagala: Nyumba je. Choo. Maji ya moto. Ngazi

Zaina Tanga: Kuna mama mmoja ana nyumba ya wageni juu kidogo ya mji, nilifikia kwake na wenzangu wa kazini. Natuma picha

Mwanaidi: Picha SITAKI. Mwambie apige video sasa hivi aanzie getini aende chooni bila kukata, afungue bomba la moto niuone mvuke, afungue na dirisha nione kuna nini nje. Bwawa la bluu lilinifunza

Zaina Tanga: Sawa dada

IJUMAA

Zaina Tanga: [video]

Mwanaidi: Nimeiangalia mara tatu. Choo safi. Maji ya moto yapo ila yanachelewa, nimehesabu karibu dakika nzima. Kutoka getini mpaka mlangoni ngazi 14

Mamdogo Mbagala: 14! Goti la mama

Zaina Tanga: Nimemuuliza, kuna njia ya gari kwa nyuma inafika usawa wa baraza, na chumba cha pembeni kipo chini hakina ngazi hata moja. Amesema hicho atampa bibi

Mwanaidi: Mwambie apige video ya hiyo njia ya nyuma na yenyewe

Baba Tatu: Mwanaidi wewe ulitakiwa ufanye kazi forodhani

Mwanaidi: Jana nani alinitumia elfu thelathini akasema ni hamsini?

Baba Tatu: Mtandao ulikuwa mbaya

Baba Tatu: Kuhusu njia sasa. Kutoka Mombo kupanda ni kilomita kama 33 kona mwanzo mwisho, mvua za vuli zinaweza kushusha udongo. Tutoke Dar alfajiri, saa nane mchana tuwe tushaanza kupanda, sitaki giza linikute Soni na gari limejaa watoto. Anayetapika akae mbele

Mamdogo Mbagala: Mimi hapo

Abuu: Mamdogo si ulisema boti tu

Mamdogo Mbagala: Nilisema boti kwa sababu mliuliza boti

Mwanaidi: Basi. Tarehe 19 mpaka 22, wa Dar tunakwenda moja kwa moja, wa Mombasa wanapitia Tanga kumchukua Bi Mkubwa. Watoto nitawaambia mwenyewe kuhusu tembo

Rukia Muscat: Tatu ameshanipigia analia. Nimemwambia mbega wana mkia mrefu kuliko mwili wao, tembo hana huo. Kanyamaza anafikiria

Zaina Tanga: Bi Mkubwa anasema kila mtu aje na sweta lake, yeye hana la kuazima, mwaka aliopelekwa Lushoto na marehemu babu alirudi na khanga tupu kwa sababu sweta alimpa mtu na huyo mtu yumo humu kundini

Mamdogo Mbagala: Mama ilikuwa 1988

Zaina Tanga: Anasema anajua

Mjomba Mwalimu: Mimi sina neno na Lushoto. Ila mwakani, nasema mapema kabisa ili asitokee mtu kusema hakusikia, Kilwa Kisiwani mnavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, ni karibu, siyo safari ya kutapika, na magofu ya Songo Mnara nayo yapo kisiwa cha jirani, nitawatumia picha zangu za miaka ile nikiwa chuo

Mjomba Mwalimu: [picha]

Mjomba Mwalimu: [picha]

Mjomba Mwalimu: [picha] huyu mwenye afro ni mimi

Mwanaidi: Mjomba umependeza. Hamsini yako bado