Mrejesho: Hadithi ya theluji kwa watoto wa Wete

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita niliwaomba ushauri: niwaandikieje watoto wetu wa Wete, kisiwani Pemba, juu ya siku ya theluji aliyonisimulia kaka yangu aliyeko Kanada, ilhali wao hawajaiona? Nawashukuru mlioniambia nianzie kwenye kitu wanachokijua. Nilijaribu kwanza barafu ya friji, lakini iliwapotosha, kwa kuwa barafu ni ngumu na theluji huanguka nyepesi, bila ya kishindo. Ndipo nilipokumbuka sufi inavyopeperuka maganda ya msufi yanapopasuka, na watoto wakaelewa mara moja.

Kaka alisema kwamba siku ile, theluji ilipomzuia kutoka nyumbani, alimkumbuka marehemu bibi yetu, ambaye kila mvua ilipotutia ndani alituketisha jamvini kuchambua karafuu, sisi tukitenga makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, naye akitutolea hadithi. (Vidole vilinukia karafuu hata usiku.) Basi kisa chote kimehamia ukumbini kwa bibi, na theluji imebakiwa na aya mbili tu. Mwanangu wa miaka saba ana lalamiko moja, nami naliona la haki: bibi hasemi vya kutosha. Sehemu hiyo naiandika upya.