Mdoli wa maboksi umezidi sentimita 6 kila mahali, nimekosea wapi?

Fundi_Majengo
Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, kazi yangu kubwa ni magauni ya sendoff. Nina mteja ni nesi Mwanza, anafika Moshi siku tatu tu kabla ya shughuli yake. Bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Midoli ya dukani yote ina kiuno cha nyigu na mabega ya askari wa gwaride, sasa gauni la kubana nilijaribishe kwa nani?

Mdogo wangu anayesoma Arusha akaniambia, dada, tumtengeneze mteja mwenyewe kwa maboksi. Nikampa vipimo nilivyochukua Desemba mteja alipokuja nyumbani, na picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Akaviingiza kwenye MakeHuman, programu ya kompyuta ya kuunda mwili wa mtu, ukatoka mwili, lile bega akalishusha mwenyewe kwenye Blender, programu nyingine ya kuchonga maumbo. Halafu programu ya Slicer for Fusion 360 ikaugawa mwili kuwa vipande vya kulala na vya kusimama vinavyochomekana, kama vile vigawanyo vya ndani ya katoni ya mvinyo. Tukakata kwa leza kwenye duka la mabango Arusha. Nimevipakata vipande 31 kwenye kosta mpaka Moshi, konda anataka nauli ya mzigo.

Shida ya kwanza, mifereji ya kuchomekea ilibana, nikakesha naipanua kwa wembe. Ya pili ndiyo inaniumiza kichwa. Nimezungushia sponji ya sentimita 1, nikavalisha kitambaa, nikapima. Kiuno kilitakiwa 78, nimepata 84. Hipsi 106, nimepata 112. Kifua 96, nimepata 102. (Naandika sentimita kwa ajili ya kompyuta, tepu yangu mimi ni inchi.) Mdogo wangu anasema nilimpima mteja vibaya. Miaka 14 nashika tepu!

Dogo_Sakina
Rahisi tu. Punguzeni faili lote kwa asilimia 7, mkate upya.

Leza_Njiro
Hapana, msifanye hivyo. Ukipunguza faili lote, na urefu nao unapungua. Kiuno kitakaa 78 sawa, lakini hipsi zitakuwa 104 na ushee, na kutoka bega hadi kiuno, kama ni 41, utabaki na 38. Gauni litampanda mtu mbavuni.

Dada, hukupima vibaya. Angalia namba zako: kiuno kimezidi 6, hipsi 6, kifua 6. Kosa la tepu haliwezi kulingana hivyo sehemu tatu. Na faili lingekuwa kubwa kwa ujumla, hipsi zingezidi kuliko kiuno. Kilichozidi ni sponji yako. Ukivalisha kitu chochote cha mviringo koti la unene wa sentimita 1, mzunguko unaongezeka 2 mara 3.14, yaani 6.28, awe mnene awe mwembamba. Wewe umepata 6 kwa sababu kitambaa kimeiminya sponji kidogo.

Kwa hiyo mwambie kijana aingize ngozi ya ule mwili ndani kwa milimita 9 na nusu kabla ya kugawa vipande. Kwenye Blender kuna kitu kinaitwa Displace, aweke namba hasi. Shingo na kingo za chini azirudishe zilipokuwa ili urefu usiguswe.

Mifereji: bila shaka aliandika unene wa boksi milimita 3 kwa kukadiria. Pimeni kwa kalipa (kile kifaa cha kubana kitu na kusoma unene wake), tena sehemu tatu tofauti, maana boksi lililokanyagwa sokoni ni jembamba katikati. Leza nayo hula kama milimita 0.2 ya njia yake. Mimi huwa nakata kwanza vipande viwili vidogo vya majaribio. Vikiingia kwa kusukuma na dole gumba, na ukivigeuza havidondoki, hapo ndipo nakata kazi nzima. Vipande vya kusimama, mawimbi ya boksi nayo yasimame, la sivyo mdoli utajikunja kiunoni ukianza kuuvuta.

Na aliyeko kwenye mashine asiende kunywa chai. Boksi linashika moto haraka sana, mimi nina alama kwenye meza.

Mama_Vitenge
Sisi wa zamani tunamvisha mtu fulana kuukuu, tunamzungushia utepe wa gundi wa kufungia maboksi mpaka awe kama maiti ya Misri, tunachana mgongoni, tunajaza vipande vya vitambaa. Nusu saa na kitu. Ila mteja lazima awepo, kwa hiyo kwako haifai. Swali langu moja: ulimpima akiwa na sidiria gani? Kama siku ya shughuli atavaa nyingine, kifua chote kinahama na leza yenu haitasaidia.

Fundi_Majengo
Mama_Vitenge, umenikamata. Nilimpigia, kumbe atavaa isiyo na mikanda. Nimemwomba shoga yake ampime upya huko huko Mwanza, kifua kimetoka 96 hadi 94.

Leza_Njiro, ubarikiwe. Boksi lilikuwa milimita 4, dogo aliandika 3, na anasema aliona "ni kama 3". Tumekata upya juzi. Mifereji imeingia bila wembe. Kiuno 78, hipsi 106, pini zinashika vizuri kwenye sponji, na bega la kushoto limekaa chini vilevile kama kwenye picha. Mteja anafika Alhamisi.

Kwa sasa tumeuvisha mdoli kanga na kuusogeza nyuma ya kabati. Mama mkwe alitoka chooni saa nane usiku, akakutana na mtu hana kichwa koridoni.