Ushauri: bendi ya kujitolea, onyesho la hisani baada ya wiki 7, na sauti hazikai pamoja

BesiMoshi:
Wakuu, heshima kwenu. Tupo 26 hapa Moshi, wote wa kujitolea. 15 wametoka bendi za kanisani: tarumbeta 9, tromboni 4, tuba 2. Waliobaki 11 wamefunzwa kwenye bendi za polisi na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa): tarumbeta 4, klarineti 4, saksafoni alto 3. Tunataka kuchangia matibabu ya watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Onyesho ni katikati ya Aprili, ukumbi wa bati, viti 400.

Kila upande ukipiga peke yake ni safi. Tukiunganisha, karatasi ileile, ni vurugu tupu. Tumetyuni mpaka tumechoka. Pia naomba mwongozo wa fedha, maana zikishaingia tu maneno huanza.

NotaNne:
Mkuu, acheni kutyuni, tatizo halipo hapo. Fanya jaribio hili: andika C ya nafasi ya tatu kwenye mistari, kisha tazama vidole badala ya kusikiliza. Wa kanisani atabonyeza valvu ya 1, itoke C ileile ya kinanda. Wa polisi hatabonyeza kitu, itatoka Bb (B iliyoshushwa nusu toni). Tarumbeta ni aina moja, nota ni moja, tofauti ni toni nzima.

Sababu ni ya zamani. Bendi za Kilutheri na za Moravian zimerithi usomaji wa Kijerumani. Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes, kule Westfalia, waliueneza karne ya 19 ili mpiga tarumbeta asome moja kwa moja kitabu cha nyimbo cha kwaya na kinanda. Bendi za kijeshi hutumia karatasi ambayo nota zake zimekwisha kupandishwa ili zilingane na chombo.

Kwa wiki 7 usimbadilishe mtu vidole, utaharibu pande zote mbili. Badilisha karatasi. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo (key) wa F, tarumbeta za kanisani wabaki na F. Tarumbeta za polisi na klarineti waandikiwe G. Saksafoni alto waandikiwe D. Tromboni na tuba wasiguswe, wanasoma ufunguo wa besi kwa sauti halisi.

MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia nota, ni ya bure na inafanya kazi hiyo yenyewe. Mtego mmoja tu: tarumbeta za kanisani ziingize kama tarumbeta ya C, za polisi kama tarumbeta ya Bb. Ukiziweka zote Bb umerudi ulikotoka.

Chagueni nyimbo za Bb, Eb na F. Wimbo wa A unampa mpiga klarineti wa Bb dizi tano (alama za kupandisha nota nusu toni), na hapo ndipo vidole hujikwaa. Na kwenye mazoezi msitaje sauti kwa do-re-mi ya kwaya, do inahama kila wimbo. Semeni "Bb ya kinanda", kila mtu ataelewa.

BesiMoshi:
Nimejaribu sasa hivi na vijana wawili. Ni kweli, mmoja valvu ya 1, mwingine vidole juu. Duh.

Fundi_Pembe:
Aprili ni masika, na ukumbi ni wa bati. Kama hauna dari, mvua ikishuka hata tuba haitasikika. Ulizeni kuhusu dari kabla hamjalipa.

Kagueni vyombo wiki hii, msingoje wiki ya mwisho. Pistoni zina namba 1, 2, 3. Mtu akisafisha akazirudisha kwa kubadilishana, upepo haupiti na chombo huonekana kimekufa. Mafuta ni ya valvu tu. Ya kupikia yanaganda, ya injini ni mazito mno. Mausipisi (kipande cha kuwekea mdomo) ikikwama msiivute kwa koleo, mtapinda bomba. Kama tundu la mate linavujisha, sauti za chini hukataa kutoka. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa duara na kubandikwa kwa gundi kitawafikisha salama siku ya onyesho.

MamaHazina:
Fedha sasa. Kabla ya kuchapa tiketi nendeni ustawi wa jamii wa hospitali mkaulize nini hasa kinakwama. Wakati mwingine upasuaji wenyewe una mfadhili, kinachomshinda mzazi ni nauli, chakula cha wiki kadhaa na vipimo. Kwenye tangazo andikeni kitu hicho kwa jina lake. "Kusaidia watoto" haitoshi.

Tafuteni mtu wa kubeba gharama za ukumbi, basi dogo (Costa) na maji, ili hela ya mlangoni isiguswe hata kwa soda. Tiketi ziwe na namba za mfululizo. Lipa namba (namba ya kupokea malipo kwa simu) iwe ya taasisi, kamwe isiwe simu ya mwenyekiti. Wahesabu watu watatu usiku uleule, mmoja asiwe mwanabendi, na wote wasaini karatasi moja. Kama hospitali ni ya serikali, lipeni bili kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, msimkabidhi mtu bahasha. Risiti ndiyo itakayofunga midomo.

Na tafadhali, msipandishe watoto jukwaani ili watu walie. Mzazi aliyebanwa na bili hana nguvu ya kuwakatalia.

Kaporali_Mstaafu:
Mkipanga kupita mitaani na bendi kutangaza, taarifa ya maandishi ifike polisi saa 48 kabla. Pungufu ya hapo mtarudishwa na ngoma zenu.

BesiMoshi:
Asanteni sana. Programu yetu ni nyimbo 18 mfululizo, dakika 80. Ni nyingi?

NotaNne:
Nyingi mno kwa midomo ya watu wa kujitolea. Pigeni 11 au 12, katikati wekeni kwaya mara tatu, midomo ipumzike. Wimbo wenye tarumbeta za juu uwe wa tatu au wa nne, mdomo umepata joto na haujachoka. Ukiuweka mwisho sauti zitapasuka mbele ya mgeni rasmi. Siku yenyewe mazoezi yawe nusu saa: mianzo, miisho, na zile sehemu mbili tatu zinazowasumbua. Kisha vyombo vibaki ndani kivulini. Tarumbeta iliyokaa juani hupanda sauti, na kinanda cha kwaya hakitaifuata.